Ramani Isiyokuwamo Sikioni

Panya akikanyaga jani kavu gizani, bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo hugeuza kichwa mara moja, akatua palepale sauti ilipotokea. Roger Payne, aliyewafanyia majaribio bundi hawa katika chumba chenye giza totoro, aliburuta kibonge cha karatasi sakafuni, na bundi akakishambulia hicho pia. Harufu na joto la mwili havikuwa na sehemu katika windo hilo.

Kwangu ajabu haiko katika ukali wa masikio. Jicho limerahisishiwa kazi, kwa kuwa mwanga wa kushoto na wa kulia huangukia sehemu tofauti za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mahali pa kitu pamo tayari katika picha. Sikio hupanga sauti kwa wembamba na uzito wake tu, wala halina habari ya mahali zilikotoka. Ramani ya mahali hapo ubongo hauletewi; huichora wenyewe.

Huichora kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti ya kushoto hutangulia kufika sikio la kushoto, kwa tofauti ndogo kuliko sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Lloyd Jeffress alipendekeza kwamba ishara za pande mbili husafiri katika njia za urefu tofauti hadi kwenye safu ya seli za neva, ambamo kila seli huitika kwa nguvu pale tu ishara zote mbili zinapoifikia kwa pamoja. Baadaye watafiti Catherine Carr na Masakazu Konishi waliukuta mpango huo katika ubongo wa bundi. Kimo, juu au chini, hupatikana kwa tofauti ya ukubwa wa sauti, maana matundu ya masikio yake hayalingani: moja liko juu kuliko jingine.

Mwaka 1978 Konishi na Eric Knudsen walizungusha spika kandokando ya kichwa cha bundi, wakaona katika ubongo wake seli zinazoitikia sauti ya upande mmoja tu, huku seli jirani zikishika pande jirani: ndiyo ramani yenyewe.

Baadaye Knudsen aliwavisha makinda ya bundi miwani ya prizimu, vioo vinavyopinda mwanga, iliyosogeza pembeni kila walichokiona. Baada ya wiki kadhaa ramani ya sauti ikahama kufuata macho, ingawa masikio, yaliyokuwa yakisema kweli muda wote, hayakuguswa. Na miwani ilipovuliwa, kinda alisikia sauti akageukia mahali pasipo na kitu.