Spika nne, ampu moja na chumba cha chini ya nyumba

Basi bwana, ampu (ile mashine inayokuza sauti na kuzilisha spika) ilipozima mara ya tatu usiku uleule, katikati ya wimbo na watu wako kwenye mdundo, ndo nikakubali kwamba tatizo sio ampu, tatizo ni mimi. Nilikuwa na spika nne na ampu yenye matundu ya spika mbili tu. Mi nikaona kazi gani hiyo, nikakamata nyaya za spika mbili za ukuta wa kushoto nikazisokota pamoja nikachomeka tundu moja, za kulia hivyohivyo, muziki ukalia, nikajipongeza. Ukisikiliza taratibu hakuna neno. Ukipandisha tu sauti, dakika kumi, robo saa, taa nyekundu, kimya, na ukiigusa juu unautoa mkono fasta.

Shemeji yangu alishuka na tochi, akainama nyuma ya ampu, akasoma, akacheka kwanza kabla hajasema kitu. "Shem, hapa wameandika omu 6 mpaka 16, we umeipa 4, ulitaka ifanyeje?"

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani spika inauzuia umeme kiasi gani, na hesabu yenyewe hata mtoto wa shule anaipiga. Spika zangu kila moja ni omu 8. Ukiziunga mbili sambamba, yaani chanya na chanya, hasi na hasi, ukinzani unagawanyika, unabaki 4, na ukinzani ukishuka umeme unaovutwa kwenye ampu unapanda, ndo joto lote lile, kuzima ilikuwa inajiokoa. Tulichofanya ni kuziunga kwa mfuatano, waya wa chanya kutoka kwenye ampu unaingia chanya ya spika ya kwanza, hasi ya hiyo ya kwanza inaenda chanya ya pili, hasi ya pili ndo inarudi kwenye ampu. 8 na 8 ni 16. Sauti imepungua kidogo, siwezi kudanganya, lakini ampu sasa inakesha na ukiishika ni vuguvugu tu. Ila spika ziwe za aina moja, mi ilikuwa bahati zangu zote nne zinafanana, ukichanganya kubwa na ndogo kwa mfuatano zinagawana umeme vibaya na muziki unatoka wa ajabuajabu.

Tukafurahi siku mbili hivi. Afu nikaanza kuhisi besi imekufa. Ukisimama katikati ya chumba mwimbaji haeleweki kasimama wapi, sauti kama imetapakaa kichwani. Nikajua tu, kuna mahali nimegeuza chanya na hasi, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, besi zinauana zenyewe kwa zenyewe. Sasa waya niliotumia una rangi moja pande zote mbili (usinunue waya wa hivyo, au angalau utie alama kabla hujaupitisha nyuma ya makabati kama mimi). Dawa yake ilikuwa betri ya remoti, hii ya volti 1.5. Unachomoa waya kwenye ampu, unagusisha betri mara moja tu, tap, huku mwenzako anaangalia koni ya spika, ile sehemu ya mbele inayotikisika. Chanya ya betri ikiwa kwenye chanya ya spika, koni inaruka nje. Ikiruka ndani, umeshampata mchawi. Kwangu alikuwa spika ya kona ya nyuma kulia. Nusu saa nzima niko chini kwa magoti kwa ajili ya waya mmoja.

Chumba chenyewe nacho kina ukorofi wake. Kuta za zege, sakafu ya zege, dari ukinyoosha mkono unaishika. Piga kofi moja pale katikati utasikia trrrrr, sauti inadundadunda ukutani kama mpira. Zulia nene likasaidia, pazia zito ukuta mmoja, makochi, rafu ya vitabu iliyojaa fujo, sasa kofi ni kofi. Lakini hivyo vyote vinameza sauti nyembamba tu, besi haijali zulia. Chumba kina mita 6 kwa urefu, na sauti inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la kama hezi 29 (mitikisiko 29 kwa sekunde), nusu yake inatosha kamili ukuta hadi ukuta, linanasa humo, na upande wa mita 4 linanasa la hezi 43. Ndo maana ukikaa sehemu fulani besi inakupiga kifuani, ukisogea hatua mbili imepotea kabisa.

Sabufa, ile spika ya besi peke yake nje ya zile nne, nilikuwa nimeiweka kona, kama kila mtu. Kelele zipo, ila noti zote zinasikika "mmm" moja, huwezi kufuata gitaa la besi linakwenda wapi. Nikafanya kile kituko ambacho watoto mpaka leo wananiigiza, nimeibeba sabufa nikaiweka juu ya kochi pale ninapokaa, nikaweka wimbo wenye besi inayotembea, afu mimi nikatambaa pembeni ya ukuta na sikio chini natafuta mahali ambapo kila noti inasikika kwa nguvu inayokaribiana. Nikapapata, kama theluthi ya ukuta mrefu, nikatia alama kwa chaki, sabufa ikahamia hapo. Hakuna kitu nilichokifanya humu ndani kilicholeta tofauti kubwa kuliko hicho, na hakina gharama yoyote zaidi ya aibu.

Kwa nini spika nne wakati mbili zingepiga kelele za kutosha? Kwa sababu kelele sio shida. Ukiwa na mbili, aliye karibu nazo anapigiwa makelele ili wa mwisho wa chumba asikie. Nne zikilia kwa upole kila mtu anazo karibu na mnaweza kuongea bila kupayuka. Ila kuna mtego, anayecheza meza ya pool upande wa kushoto anasikia chaneli ya kushoto tu, kuna nyimbo za zamani gitaa lote liko kulia, yeye anasikia ngoma na kikohozi. Watu wakijaa nabonyeza mono, spika zote zinatoa kitu kimoja, nikiwa peke yangu kochini narudisha stereo, kushoto na kulia mbalimbali.

Nilijaribu pia kuongeza spika ya tano ya Bluetooth nikwepe kuvuta waya. Hapana. Ilikuwa inachelewa kama sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa muda huo sauti inatembea mita 34, yaani ni kama kuna bendi nyingine inapiga wimbo uleule uwanja wa jirani. Nimeirudisha jikoni.

Mvumo wa umeme ulikuwepo, ukaisha nilipochomeka ampu, sabufa na TV kwenye soketi moja. Msije mkakata pini ya ethi (ile ya kupeleka umeme ardhini) kutafuta utulivu, hiyo pini ndo inawalinda. Spika zote nimeziinua kwenye matofali maana chini kuna unyevu na koni za karatasi hazipatani nao.

Malalamiko yanayobaki ni ya juu. "Baba watoto, sahani zinacheza ngoma huku kabatini." Raba chini ya sabufa haikusaidia sana, besi inapita darini, kwa hiyo baada ya saa tatu usiku sabufa inazimwa, tumekubaliana hivyo. Na spika ya nne iko nyuma ya mlango, mtu akifungua inapigwa na kitasa, ningeihamisha ila waya nimeukata mfupi kwa nusu mita.