Mkopo wa Bodi huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, majumbani linabaki swali moja: ada itatoka wapi? Kwa familia nyingi za Tanzania jibu ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005 na ambayo sote tunaiita Bodi tu. Watu hubishana sana kuhusu nani ana hali ngumu kuliko nani. Lakini Bodi, kabla ya kupima hali ya mtu, husoma makaratasi yake, na hapo ndipo wanapoangukia vijana wenye shida ya kweli. Jina limezidi herufi moja, cheti hakijahakikiwa, muhuri wa mtaa haupo. Yatima ambaye hana cheti cha kifo kilichohakikiwa, kwenye mfumo hahesabiki kuwa yatima, hata kama kijiji kizima kilikuwepo mazishini.

Kwa hiyo tuanze mbali na fomu.

Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa Juni au Julai na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Kuna miaka limeongezewa siku, lakini anayepanga kazi yake kwa kutegemea nyongeza anacheza na ada yake. Kazi ya vyeti ianze mara tu mtihani wa Mei ukiisha. Mzazi anayeweza kuianza mtoto akiwa bado shuleni, na aianze.

Kuwa na cheti cha kuzaliwa hakutoshi, lazima kihakikiwe na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mwombaji anafungua akaunti kwenye mfumo wa RITA wa mtandaoni, anapakia nakala ya cheti, analipa ada ya uhakiki kwa namba ya kumbukumbu ya malipo anayopewa, kisha anasubiri. Cheti kikikubaliwa anapata namba ya uhakiki, na hiyo ndiyo anayoijaza kwenye fomu ya mkopo. Kikirudishwa, mara nyingi ni kwa sababu nakala haisomeki, namba ya cheti imekosewa, au kumbukumbu yake haijaonekana. Vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono huweza kuchukua muda zaidi, na hivyo ndivyo walivyo navyo watoto wengi wa vijijini. Aliyezaliwa Zanzibar anahakiki kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Aliyezaliwa nje ya nchi, au aliyefiwa na mzazi nje ya nchi, anaomba barua ya uthibitisho RITA.

Kwa aliyefiwa, kinachotakiwa ni cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakikubaliki, karatasi ya hospitali haikubaliki, wala barua ya mwenyekiti wa kijiji. Hapa ndipo penye maumivu makubwa, maana marehemu wengi wamezikwa bila vifo vyao kusajiliwa. Aliyefiwa na baba mwaka 2012 na hakuna aliyekwenda kuandikisha, itabidi aanze usajili uliochelewa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa msajili wa wilaya. Aende na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na ndugu anayeweza kuthibitisha. Kazi hii inaweza kula wiki kadhaa, na ikishakamilika cheti kipya nacho kinapelekwa kuhakikiwa. Anayeianza katikati ya Agosti amekwisha chelewa.

Baada ya hapo, majina. Mfumo wa Bodi unamtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ile inayoanza na herufi S au P, kisha namba ya kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka. Akishaiingiza, majina yanakuja kama yalivyo Baraza la Mitihani. Sasa chukua cheti cha kuzaliwa ukiweke mezani karibu na cheti cha kidato cha nne, usome herufi kwa herufi. Hamisi na Khamis, Mohamedi na Mohamed, Elizabeti na Elizabeth: kwako ni mtu yule yule, kwenye mfumo ni watu wawili. Soma pia jina la baba kwenye cheti chako cha kuzaliwa ulilinganishe na lililo kwenye cheti chake cha kifo, maana yakitofautiana hakuna kinachoonyesha kuwa marehemu huyo ni baba yako. Tofauti ya tahajia hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Yote mawili yafanywe mapema.

Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne awe makini zaidi. Ajaze namba zake zote, na ile anayoombea mkopo iwe ile ile aliyoombea chuo. Bodi huunganisha ombi la mkopo na orodha ya waliodahiliwa kwa namba hiyo. Ukiomba chuo kwa namba ya 2019 na mkopo kwa namba ya 2020, unaweza kudahiliwa vizuri kabisa huku ombi lako la mkopo likikaa peke yake bila chuo.

Wenye kuomba ni Watanzania wasiozidi miaka 35, wasio na ajira rasmi yenye mshahara, waliodahiliwa chuo kinachotambulika. Elimu yao ya kuwaingiza chuo, iwe kidato cha sita au stashahada, iwe imekamilika ndani ya miaka mitano iliyopita. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000, hairudishwi, na inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia benki au simu. Usimpe mtu pesa mkononi akulipie. Ukilipa kwa simu yako mwenyewe, ujumbe wa malipo unabaki kwako kama ushahidi.

Jambo la steshenari, yale maduka ya kompyuta wanakojaziwa watu fomu, nataka nilisisitize, maana linaumiza wengi kimyakimya. Hakuna ubaya kusaidiwa kujaza fomu. Ubaya ni kumwachia msaidizi aweke namba yake ya simu, barua pepe yake na nywila anayoijua yeye. Miezi miwili baadaye Bodi inatuma ujumbe kwamba ukurasa fulani hausomeki, urekebishe ndani ya siku chache, na ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu aliyejaza fomu za wengine mia na hakukumbuki. Namba iwe yako na uiweke hai hadi umalize chuo. Barua pepe iwe yako. Nywila uiandike kwenye daftari mwenyewe, maana akaunti hiyo ndiyo utakayoitumia kuona kiasi ulichopangiwa na kukata rufaa.

Ndani ya fomu, Bodi inatafuta jambo moja: tofauti kati ya gharama ya masomo na uwezo wa familia kuchangia. Ndiyo maana marafiki wawili wa darasa moja hupata viwango tofauti. Inauliza kazi za wazazi, shule ulizosoma na nani alilipa. Swali la shule ndilo linalowanyima vijana bila wao kujua. Kijana maskini aliyesoma shule binafsi kwa ufadhili, asipoambatisha barua ya mfadhili, anaonekana ametoka kwenye nyumba iliyomudu mamilioni ya ada. Barua hiyo iombwe kwa mfadhili mwenyewe, iwe na muhuri na saini, itaje jina lako kama lilivyo kwenye vyeti na miaka aliyokulipia. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ijaze taarifa zake za unufaika. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, aambatishe fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Cheti cha daktari wa zahanati hakitoshi.

Jaza ukweli. Anayemwita baba aliye hai marehemu anajitafutia kesi, na anaweza kupoteza mkopo wote akishakuwa chuoni.

Mdhamini ni mtu anayeweka saini kwamba anakufahamu na anadhamini deni lako, kwa hiyo mchague anayejua anachokisaini. Mama au baba anatosha. Atahitaji picha ya pasipoti na kitambulisho kimoja: cha Taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria. Picha ya mdhamini na kitambulisho chake ni miongoni mwa vitu vinavyosahaulika sana.

Ukishajaza, unachapa fomu na kupeleka kurasa za saini kwa wanaohusika. Zimekuwa ukurasa wa 2 na wa 5, lakini soma mwongozo wa mwaka wako. Wewe unasaini, mdhamini anasaini, kiongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia anasaini na kugonga muhuri, na wakili au hakimu anathibitisha kama kamishna wa viapo. Kagua kabla hujaondoka ofisini kwa mtu. Muhuri upo lakini saini hakuna? Saini ipo lakini tarehe haijaandikwa? Muhuri wa wakili umefifia hadi jina halisomeki? Mrudishie pale pale. Mtendaji wa mtaa akiwa safarini unaweza kumsubiri siku nne, na siku nne mwishoni mwa Agosti ni nyingi mno.

Zamani fomu nzima ilitumwa Dar es Salaam kwa EMS, huduma ya haraka ya posta. Siku hizi kurasa zilizosainiwa zinapakiwa kwenye mfumo. Ziskaniwe kwa mashine. Picha ya simu iliyopigwa jioni, yenye kivuli cha mkono, ni njia ya uhakika ya kurudishiwa ombi. Fungua kila faili baada ya kulipakia uone kama ndilo lenyewe, kwani wapo wanaoweka cheti cha kuzaliwa mahali pa cheti cha kifo. Mwisho kabisa, bonyeza kitufe cha kutuma. Mtu amelipa, amejaza, amepakia, akafunga kompyuta akiamini amemaliza, kumbe ombi bado ni rasimu. Ingia tena kesho yake uangalie hali ya ombi, kisha weka nakala ya fomu yote, kwenye karatasi na kwenye simu.

Dirisha likifungwa, mara nyingi Bodi hutoa nafasi fupi ya kurekebisha dosari. Ingia kwenye akaunti yako kila baada ya siku mbili tatu kipindi hicho. Majina ya waliopangiwa hutoka kwa awamu, kwa hiyo kukosa awamu ya kwanza si kukosa mkopo. Aliyedahiliwa vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja haraka, kwa sababu asiyejulikana yuko chuo gani hapangiwi.

Rufaa ina dirisha lake, nalo ni fupi. Rufaa inayosema tu kwamba hali ni ngumu haina kitu kipya cha kusoma. Inayosikilizwa huja na karatasi ambayo haikuwepo mwanzo: cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki Septemba, barua ya ufadhili iliyochelewa, uthibitisho wa ulemavu.

Sasa hesabu, maana kupata mkopo si kulipiwa kila kitu. Ada inayolipwa na Bodi inakwenda moja kwa moja chuoni. Fedha ya chakula na malazi inakuja kwako, ndiyo bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kiwango cha juu kimekuwa shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500, kwa hiyo siku 60 ni shilingi 600,000. Fedha ya mafunzo kwa vitendo huhesabiwa kwa siku zisizozidi 56. Ukiwa na ada ya 1,300,000 na Bodi ikakupangia 500,000, zile 800,000 ni za nyumbani. Vyuo vingi vinataka sehemu yake kabla ya usajili, na asiyesajiliwa hasaini bumu. Hapo ndipo mwaka wa kwanza wanapokwama: wanasubiri bumu ili walipe ada, na bumu linasubiri usajili. Familia itafute mapema pesa ya kusajiliwa na ya kula wiki za mwanzo, hata kama jina limetoka kwenye awamu ya kwanza. Ukifika, mtafute afisa mikopo wa chuo wiki ile ile, akuelekeze kuhusu akaunti ya benki na alama za vidole.

Mwaka wa pili na kuendelea unategemea matokeo ambayo chuo kinayatuma Bodi. Anayerudia mwaka husimamishiwa mkopo. Anayeugua na kuahirisha, au anayehama chuo, afuate taratibu rasmi na abaki na barua zake, maana anayeondoka kimya hupata shida kurudishwa.

Kuhusu kulipa: marejesho huanza baada ya miezi 24 tangu kumaliza masomo. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya 2016. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha deni mwaka hadi mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Kwa deni la shilingi milioni 12 na mshahara wa msingi wa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi, yaani miezi 100, miaka minane na miezi minne. Mwajiri mpya mwambie siku ya kwanza kwamba una mkopo wa Bodi, umpe ile namba yako ya kidato cha nne, na baada ya mwezi wa kwanza wa makato fungua akaunti yako ya Bodi uone kama fedha imeingia kwenye deni lako.