Nani alikuja mazikoni?

Ilikuwa Desemba, saa tisa na nusu alasiri, na taa za barabarani hapa Uppsala, Sweden, zilishawaka zamani. Semina yetu siku ile ilikuwa ya kuhesabu maiti. Sina neno laini zaidi la kuieleza. Kila mwanafunzi alipewa habari za magazeti na ripoti, ajaze jedwali: tarehe, mahali, pande zinazohusika, kisha safu tatu za waliokufa, yaani kadirio la chini, kadirio bora na kadirio la juu.

Chuo Kikuu cha Uppsala kinajulikana dunia nzima kwa kazi hii. Takwimu zake za vita zinarudi nyuma hadi 1946. Kwa kanuni yao, pande mbili zikigombea utawala au eneo, mojawapo ikiwa serikali, na mapigano yakaua watu wasiopungua 25 kwa mwaka, huo ni mgogoro wa silaha. Wakifika 1,000, ni vita. Mauaji ya raia wasio na silaha yana daftari lake mbali.

Mwalimu akasema mwisho tuchague tukio tunalolijua wenyewe. Nikaandika: Pemba, Zanzibar, 27 Januari 2001.

Nilikuwa na miaka tisa. Waandamanaji walipigwa risasi wakidai uchaguzi wa mwaka uliotangulia urudiwe, na siku chache baadaye tukavuka bahari usiku kwenda Shimoni, Kenya. Tuliovuka tulikuwa zaidi ya 2,000. Mama alibeba sufuria ya wali uliokwishapikwa, na ufunguo wa nyumba aliufunga kwa uzi shingoni. Njia nzima mkono wake ulikuwa juu ya ule ufunguo. Sasa nipo mbele ya kompyuta, natakiwa kujaza safu tatu. Tume ya serikali ilitaja waliokufa 31, watetezi wa haki za binadamu wakasema si chini ya 35. Nikajaza. Mkono ulikuwa mzito, lakini nilijaza, kwa sababu asiyehesabiwa ni rahisi kuambiwa hakufa.

Ndugu zangu wengi huniuliza shahada hii ya uzamili ya amani na migogoro inasomwaje. Ni miaka miwili, na nusu ya jasho ni takwimu. Ukija ukidhani utakaa kujadili busara za wazee, utashtuka. Anayetoka kwetu hulipa ada, na ada yenyewe ni kubwa, kwa hiyo anza kutafuta ufadhili mwaka mzima kabla.

Nadharia zenyewe nimezipenda kwa dhati. Johan Galtung wa Norway, aliyefariki 2024, alitenganisha amani hasi, yaani risasi zimenyamaza tu, na amani chanya, pale dhuluma na uhasama wenyewe unapoondoka. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatembea hadi kando ya Mto Fyris, maana nilikuwa nimesoma habari za kijiji chetu.

Muafaka, yaani mapatano ya CCM na CUF, vyama viwili vilivyohasimiana Zanzibar, ulitiwa saini 10 Oktoba 2001. Sisi tulisharudi nyumbani. Bunduki zilinyamaza, lakini watu hawakuwa wakizikana. Aliyeishi Pemba miaka ile anajua uzito wa neno hilo. Kususiana kulianza tangu uchaguzi wa 1995: duka la mtu wa chama kile huingii, harusi yake huendi, na akifiwa, jeneza linabebwa na wa chama chake peke yao. Babu yangu alizikwa hivyo. Nilihesabu wanaume kumi na mmoja, kijiji chenye nyumba zaidi ya mia. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikaa barazani kwake, akageuza uso jeneza lilipopita.

Hilo halimo katika safu yoyote ya jedwali.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, na Maalim Seif wa CUF walikutana Ikulu, bila msuluhishi kutoka nje, na kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ikapitisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4. Hapa darasani wanafundisha kwamba mahasimu hukaa kitako wanapokwama pamoja na kila upande ukawa unaumia. Ni kweli, ila kwetu kuumia kwenyewe kulikuwa mazikoni. Baada ya mapatano hayo, tunayoyaita Maridhiano, yule jirani alikuja kwenye hitima ya shangazi na jamvi lake begani. Hakuomba radhi. Alitandika, akakaa, akachukua juzuu yake. Kisha uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ukafutwa, na kususiana kukarudi.

Ndiyo tasnifu yangu sasa. Msimamizi wangu aliniuliza, kwa upole kabisa, mazishi nitayapimaje. Nikamjibu kwamba kwetu kila mtu anajua nani alikuja na nani hakuja, miaka thelathini nyuma. Tukakubaliana nihoji watu bila kuandika majina, nilinganishe vijiji viwili, kabla na baada ya 2010. Kumtunza anayenisimulia ndilo jambo linaloninyima usingizi kuliko takwimu, maana kisiwa ni kidogo na mtu hujulikana kwa sentensi moja tu.

Jana nilimpigia mama. Yule jirani amefariki, usiku wa kuamkia Ijumaa.

"Nani walikuja?" nikamuuliza.

Akaanza kunitajia, nyumba baada ya nyumba, kuanzia upande wa msikitini. Alipofika kwetu akasema kaka yako ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Nilimwomba arudie, nikachukua kalamu.