Tumefanya Tu Yaliyotupasa

Wapendwa katika Bwana, neno la juma hili linatoka Luka 17:7-10, ambapo Yesu anatoa mfano wa mtumwa anayerudi kutoka kulima na, badala ya kuketi mezani, kwanza anamwandalia bwana wake chakula, wala hashukuriwi kwa hilo. Sisi wa Bungoma tunauona mfano huo kwa macho kila mwaka kabla ya mvua ya masika, kijana anapotoka kulima shamba la baba yake tangu alfajiri, vumbi jekundu limemjaa hadi kwenye nyusi, naye haendi moja kwa moja mezani bali kwanza anawafungua maksai nira na kuwapeleka mtoni wanywe. Hakuna anayemshangilia kwa hilo, wala yeye mwenyewe hatazamii kushangiliwa.

Bwana anatuagiza tukiisha kufanya yote tuseme, "Sisi tu watumwa wasio na faida, tumefanya tu yaliyotupasa kufanya." Maneno hayo ni mazito masikioni. Hata hivyo, sidhani kwamba Yesu anatuita watu bure, kwa maana hakuitoa damu yake kwa ajili ya vitu visivyo na thamani. Anachosema ni kwamba hakuna siku ambayo Mungu atakuwa na deni letu. Tuangalie pia yaliyotangulia. Alikuwa amewaamuru wanafunzi wamsamehe ndugu hata akikosa mara saba kwa siku moja na kutubu mara saba, nao wakalemewa, wakasema, "Tuongezee imani." Ndipo ukaja mfano huu. Kwa hiyo hata kusamehe, jambo ambalo wengi wetu tungependa litajwe katika ushuhuda, limewekwa pamoja na kulima na kuandaa chakula, yaani ni kazi ya kawaida ya nyumbani mwa Bwana.

Nakiri kwamba somo hili limenigusa mahali penye kidonda. Baada ya mkutano wa injili wa siku tatu, ambao nilibeba viti asubuhi na jioni na kulala uwanjani nikilinda vyombo, orodha ya shukrani ilisomwa ibadani Jumapili na jina langu halikuwamo. Nilirudi nyumbani na kinyongo, na kwa majuma mawili niliomba bila amani, kwa sababu kila nilipopiga magoti nilijikuta nikimhesabia Mungu viti.

Ni vigumu kuendelea hivyo mbele ya Luka 12:37, ambapo Bwana huyohuyo anasema kwamba akiwakuta watumwa wake wanakesha, atajifunga mwenyewe, atawakaribisha chakulani na kuwahudumia. Hilo halikuwamo katika mapatano yoyote. Ni neema tupu, na mwenye kushika daftari la madai mkononi hawezi kuipokea.

Yupo mama mmoja katika ushirika wetu ambaye siku zile tatu alikuwa jikoni, na usiku, watu walipokwisha kwenda, nilimwona ameinama chini ya taa akisugua masizi ya sufuria kwa majivu na mchanga. Nilimwendea kumwuliza, nikitafuta mwenzangu wa kulalamika naye, kama aliumia kwamba naye hakutajwa. Alinitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, mimi sikuisikia hiyo orodha. Nilikuwa nimetoka kuwarudishia majirani sufuria zao."