Babu wa Mjomba na Orodha ya 1915

Mjomba hakuwa na shaka hata chembe: babu yake alikuwa nahodha wa meli za Waingereza. "Nahodha, mwanangu, si kibarua." Nikaamua kumtafuta huyo mzee kwenye kumbukumbu za mabaharia. Jina la meli lenyewe mjomba hakulijua, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kati ya 1857 na 1913 Uingereza haikuwa na daftari la mabaharia mmoja mmoja. Kilichobaki ni mikataba na orodha za mabaharia za kila chombo, zimepangwa kwa namba rasmi ya meli. Usipoijua meli, humpati mtu.

Mlango ulikuwa mmoja tu, mwaka 1915. Orodha za mwaka huo zimenakiliwa na watu wa kujitolea, majina zaidi ya 750,000, na unaweza kutafuta kwa jina la baharia. Nikakaa usiku mmoja nikiliandika jina la mzee kwa kila namna ambayo karani wa Kiingereza angeweza kulisikia: kwa h na bila h, la baba likiwa mbele, la baba likiwa halipo. Akatokea kwenye meli ya mizigo. Umri, mahali pa kuzaliwa, vyote vikakubali. Cheo: mchochea moto. Yaani mtu wa chini kabisa ya meli, wa kutia makaa kwenye tanuri za boila.

Sikumpigia mjomba simu. Nilichokuwa nakitazama ni safu nyingine, ile ya meli aliyotoka. Ukiipata hiyo unarudi nyuma naye, meli hadi meli. Tatizo ni kwamba meli zilirithishana majina ovyo. Hii ya kwake ilikuwa na wenzake kadhaa. Rejista ya meli za biashara, iliyochapishwa kila mwaka, ndiyo iliyoniokoa, maana inataja bandari ya usajili na namba, na namba haibadiliki hata meli ikiuzwa na kupewa jina jipya.

Sasa orodha ya 1914 iko wapi? Miaka inayoishia na 5 inatunzwa na makumbusho ya bahari ya Greenwich, London, isipokuwa 1945. Asilimia 10 ya miaka mingine ipo Kew, London pia, kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza. Sehemu kubwa, kama asilimia 70, ilivuka Atlantiki na kuhifadhiwa Chuo Kikuu cha Memorial, St. John's, Kanada. Nikawaandikia hao wa Kanada, nikitaja namba ya meli na mwaka.

Nakala ilipofika, umri wake ulikuwa umepungua miaka mitatu kwa tofauti ya mwaka mmoja. Sikushangaa, baharia alitaja umri uliomfaa kupata kazi. Kilichonisimamisha ni sahihi. Wengine wawili chini yake walikuwa wameweka alama ya msalaba. Yeye alikuwa ameandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, limenyooka, bila haraka.

Nikampelekea mjomba karatasi yenyewe. Alivaa miwani, akaisoma sahihi kwa sauti mara mbili, kisha kidole kikateleza hadi kwenye cheo. Akanyamaza kidogo.

"Na mshahara?"

Nikamwonyesha safu yake. Akapanda nayo juu mpaka kwa mhandisi mkuu, akalinganisha, akavua miwani.

"Walimpunja," akasema, na la unahodha hakulitaja tena.