Spika ya redio ya valvu: anza na omu, wati baadaye

Ukiulizia spika Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji atakuuliza, "Ya wati ngapi?" Redio ya valvu, ile ya zamani yenye taa za kioo badala ya transista, haihitaji swali hilo. Valvu ya kutoa sauti kama EL84 au 6V6, ikiwa peke yake, hutoa wati 4 au 5, na spika ya wati 10 inazibeba bila taabu. Kinachoamua ni omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, na kiasi cha sauti unachopata kwa kila wati.

Usitupe spika ya zamani hata kama karatasi imeraruka. Fungua waya wake mmoja, pima koili kwa mita. Mita husoma pungufu, takriban asilimia 80 ya omu halisi. Ikisoma 2.6, spika ni ya omu 3 hivi, kama redio nyingi za Uingereza. Ikisoma karibu 4, ni ya omu 5, kama nyingi za Philips na Grundig. Kwa zote mbili, spika ya omu 4 inafaa. Ukiweka ya omu 8 mahali pa omu 3, sauti hupungua na kukwaruza, na ukifungulia sana voliti za transfoma hupanda hadi kuhatarisha koili yake. Spika mbili za omu 8 za televisheni ya kisogo, zikiungwa sambamba, zinakupa omu 4, na karatasi zake ni nyepesi.

Koili ikiwa imekatika, transfoma yenyewe itakuambia. Chomoa redio, subiri kapasita kubwa ziishiwe chaji na uhakikishe kwa mita, kisha tenganisha waya zote za transfoma ya spika. Peleka 6.3 V za AC upande wa valvu, pima upande wa spika. Ukipata 0.16 V, uwiano (6.3 gawanya kwa 0.16) ni 39. 39 mara 39 ni kama 1,520. EL84 hutaka takriban omu 5,000, kwa hiyo zigawanye kwa 1,520: spika ni ya omu 3.3.

Hatari kubwa iko kwenye redio za miaka ya 1930, ambazo spika yake haina sumaku ya kudumu. Ina koili ya pili, mara nyingi ya omu 1,000 hadi 2,500, na umeme wa redio nzima hupitia humo ukisafishwa. Ukiiruka kwa kipande cha waya, voliti hupanda na kuua kapasita na valvu. Koili ya omu 1,500 inayopitisha miliampea 60 hula 90 V na kutoa joto la wati 5.4. Ukibadilisha na spika ya sumaku ya kudumu, weka mahali pa koili hiyo rezista ya omu hizo hizo, ya wati 15, mbali na mbao. Mvumo ukizidi, tumia choki (koili ya kusafisha umeme) pamoja na rezista, jumla ya omu ibaki ile ile.

Kuna pia Philips za mwishoni mwa miaka ya 1950 zenye spika ya omu 800 isiyo na transfoma. Hizo usiziunge spika ya omu 4 moja kwa moja kamwe.

Spika za gari za Kirinyaga Road zina omu 4, lakini nyingi zina karatasi nzito na ukingo wa mpira. Ya desibeli 87 (kipimo cha sauti kwa wati moja) huhitaji nguvu mara nne kufikia ya desibeli 93. Chagua yenye ukingo wa karatasi iliyokunjwa, inayosogea ukiigusa kidogo tu. Pima na kina cha sumaku, isije ikagonga valvu.

Na usiwashe redio kabla spika haijaungwa: transfoma isiyo na mzigo huzalisha voliti za kutoboa koili yake yenyewe.