Wati 5 juu ya Longonot

Saa 11 alfajiri. Mimi ni fundi wa simu hapa Naivasha, na Jumamosi hii kibanda hakifunguliwi. Napima betri: volti 13.2. Mkobani mna redio ya wati 5, kidude cha kupigia Mosi (herufi za milio mifupi na mirefu), waya wa mita 5, fimbo ya kuvulia samaki ya kuuinulia, maji na chapati.

Saa 1 asubuhi. Langoni pa Mlima Longonot, askari wa KWS, shirika la wanyamapori, anaishika ile fimbo. "Kijana, hii ni ya nini?" Namwonyesha leseni yangu ya redio ya ridhaa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, nampa na redio aitazame. Ana haki ya kuuliza. Anaturuhusu, mimi na binamu yangu, kisha anasema: "Mkishuka, mnipitie mniambie mmempata nani."

Saa 2. Vumbi, vichaka vya leleshwa, makorongo. Wamaasai waliuita Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi, na magoti yanakubali kila herufi.

Saa 4 na nusu. Kileleni, mita 2,776. Upepo unaiangusha fimbo mara mbili. Binamu anaikumbatia huku nikiifunga kwenye kichaka. Chini, ndani ya kreta, shimo la volkano, msitu mzima umetulia.

Saa 5. Navaa visikizio na kuwasha redio. Kimya! Hiki ndicho nilichokipandia. Kule kibandani chaja na taa za LED zinanguruma kwenye redio kutwa, na sauti ya mtu wa mbali hufia humo. Hapa nasikia hata kituo kilicho dhaifu kama pumzi ya mtoto aliyelala.

Napiga CQ, mwito kwa yeyote asikiaye, kwenye megahezi 28. Mara ya nne anajibu Mwitalia. Ananipa 559: herufi zote anazisoma, ishara yangu ni nzuri kiasi, mlio ni safi. Wati 5 ni umeme wa balbu ndogo tu! Mikono inanitetemeka, nakosea kupiga alama ya kituo changu, inayoanza na 5Z4 ya Kenya, naipiga upya.

Daftarini tunaandika saa za UTC, saa moja ya dunia nzima, na hapo Kiswahili kinanirahisishia: asubuhi naongeza tatu tu. Saa 5 yetu ni 08:00 ya UTC.

Mpaka saa 7 nina vituo 11: Italia, Ujerumani, India, Afrika Kusini. Binamu, ambaye Mosi haijui, ameshaanza kuitambua 5Z4 kwa mdundo wake. Katika bonde hili hili ndipo kituo cha satelaiti cha Longonot kilipofunguliwa mwaka 1970, na madishi yake makubwa. Sisi tuna waya na kichaka, na furaha yangu haina kipimo.

Saa 8 tunashuka, tukiteleza kwenye changarawe.

Saa 10. Langoni. Namsomea afande daftari, nchi moja baada ya nyingine. Anasikiliza hadi mwisho.

"Na kwetu Garissa, inafika?"

"Garissa ni karibu mno, afande. Mawimbi haya hupanda hadi angani, yakirudi chini yameshaipita. Kwa Garissa ningetumia megahezi 7, na waya wa mita 20."

"Basi utakuja nao lini?"